Kuomba Ukuta wa Jirani

Vijana wangu wa karakana, siku mliponiaga mlinitaka niseme neno, nami nikala keki yenu nikasema asante tu. Haikuwa kiburi. Nilikuwa na mengi mno mdomoni, na sehemu yake ilikuwa keki. Sasa nimekaa nyumbani hapa Malvern, Johannesburg, mke wangu amechoka kuniona nikigonga kuta za chumba chetu bila sababu, na ameniambia niandike kabla hajanitoa nje. Basi naandika. Habari za mshahara nawaachia, mnazijua, na kama hamzijui mtalia wenyewe kwa wakati wenu.

Mtu akiniuliza nilifanya kazi gani, mimi humjibu kwamba nilikuwa fundi wa kufunga masefu ya bunduki. Hapo wengine husogea karibu, wengine husogea mbali. Sheria ya huku inamtaka mwenye silaha awe na sefu la chuma lililofungwa kwa bolti, na mkaguzi wa polisi huja kuliona kabla leseni haijatoka. Kwa hiyo kati ya mtu na bastola yake nilisimama mimi, mtoto wa Tanga ambaye hata manati sikuwahi kulenga sawasawa. Sijapata kumiliki bunduki. Nilichokuwa nacho ni udadisi, na kazi hii iliulisha ukashiba.

Nilifika mji huu nikiwa seremala. Baba Sibiya, Mzulu mrefu aliyekuwa na duka la kufuli pale Jules Street, alinichukua kwa sababu nilikuwa na mabega mapana na msaidizi wake alikuwa ameumia mgongo. Habari ya mgongo huo alinieleza baada ya kazi ya kwanza kwisha. Kazi yenyewe ilikuwa mtaa wa Observatory, katika zile nyumba zilizopandishwa mlimani, ambako unapanda ngazi mpaka unasahau ulichokuja kufanya. Tulilifunga sefu blanketi na kamba, tukalipandisha hatua kwa hatua, na mwenye nyumba akawa juu anatuhimiza tusikanyage maua yake. Baba Sibiya alimwambia kwa adabu kwamba sefu likiponyoka, maua yatakuwa jambo dogo.

Tulipofika chumbani nikashika drili nianze kutoboa. Baba Sibiya akaitoa mkononi mwangu bila kugomba. Akaweka sikio ukutani, akagonga kwa kifundo cha kidole, akasogea, akagonga tena. Alisema ukuta nao hubishiwa hodi kwanza. Tofali zima hujibu kwa sauti fupi, plasta iliyobanduka hulia kama debe, na penye bomba la maji utasikia kitu cha katikati ambacho ni afadhali ukisikie kwa sikio kuliko kwa miguu iliyolowa. Akanifundisha pia kubandika bahasha iliyofunguliwa mdomo chini ya kila tundu, ili vumbi la tofali liingie humo badala ya kuingia kwenye mashuka ya watu. Ninyi mnatumia mashine ya kufyonza vumbi. Sawa, lakini umeme ukikatika, bahasha haihitaji umeme.

Jambo la mwisho alilonifundisha siku ile lilikuwa dirisha. Ukishamaliza kukaza bolti na kujaribu kitasa, mwenye nyumba atataka kuweka kitu chake ndani. Wewe geuka utazame dirishani. Usiulize ni aina gani, kimetoka wapi, kimewahi kufanya nini. Nimeyatazama madirisha mengi ya Johannesburg kwa sababu hiyo, na naweza kuwaambia nani katika mtaa gani ana mparachichi mzuri.

Macho niliyageuza, masikio hayageuki. Watu hugombana fundi akiwa chumbani, sijui kwa nini, labda wanadhani kelele za drili zinawaficha. Nilimsikia mume mmoja akisema polisi akiitwa leo atafika kesho kuandika maelezo ya maiti, kwa hiyo lazima mtu ajilinde mwenyewe. Mkewe akajibu kwamba yeye polisi anawaamini kidogo, ila mumewe akikasirika hamwamini hata kidogo. Nikaendelea kutoboa. Mstaafu mmoja wa polisi alitaka sefu nene kuliko yote tuliyokuwa nayo, na nilipomuuliza anamwogopa nani hasa, alicheka akasema, “Ninaijua kazi.” Na mwalimu mmoja Mrundi wa Yeoville, aliyekuja tu kumsindikiza shemeji yake kuchagua sefu, alikaa kwenye kiti cha duka letu akaniambia maneno ambayo sijayasahau. “Kwetu serikali ilikuwa na bunduki,” alisema, “walioipinga walikuwa na bunduki, na wote walisema wanatulinda. Sisi tuliokuwa tunalindwa ndio tuliokimbia.” Shemeji yake akanunua sefu hata hivyo, la ukubwa wa kati.

Msikitini ndugu zangu wa Tanga na Unguja waliniuliza mara nyingi, hawa watu wanamwogopa nani? Kwetu bunduki ilikuwa ya askari na ya bwana nyama, basi. Niliwajibu kwamba inategemea umeingia chumba gani. Kuna chumba wanamwogopa mwizi, kuna chumba wanaiogopa serikali, na kuna vyumba wanamwogopa mwizi kwa sababu wanaamini serikali imelala. Mimi nilitaka kujua wanaanzaje kuogopa, na hilo hakuna aliyeweza kunieleza akiwa amesimama. Ilibidi akae.

Sasa niwaeleze habari ya kuomba ukuta, maana ninyi mmezoea zege la nyumba mpya na hamjui shida yake. Nyumba za zamani za Malvern nyingi ni pacha. Paa moja, ukuta mmoja katikati, familia mbili. Sakafu ni mbao na chini yake ni hewa, kwa hiyo haishiki kitu. Kuta za nje zimekwisha, ukivuta bolti inatoka na nusu ya tofali. Unabaki na ule ukuta wa katikati, nao pia umechoka, hivyo njia ya uhakika ni kupitisha bolti mpaka upande wa pili na kuzikaza kwenye bamba la chuma. Upande wa pili ni chumba cha jirani.

Baba Sibiya alikuwa na taratibu zake. Mwenye sefu aende mwenyewe kwa jirani, pamoja na fundi. Asiende mikono mitupu. Na asianze na bunduki, aanze na ukuta. Kwa njia hii nimekaa katika sebule nyingi nikinywa chai ya watu ambao hawakuwa wateja wangu. Jirani mmoja alikubali kwa sharti kwamba bamba lipakwe rangi ya waridi, tukalipaka. Mwingine aliuliza, je, risasi ikifyatuka itapita kwenye tundu la bolti? Nikamwambia haiwezekani, kisha nikajikuta nalifikiria swali hilo njia nzima mpaka nikakaribia kupita robot, yaani taa ya barabarani, ikiwa nyekundu.

Baba Sibiya aliporudi kwao kupumzika, kazi ikabaki kwangu, na ndipo alipokuja Mama Solange.

Huyu alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu, mwenye duka la nguo karibu na Jules Street, mjane, na binti yake alikuwa akikatia vitambaa mle mle dukani. Walikuwa wamevamiwa mara mbili. Mara ya pili jamaa mmoja alimwekea binti bastola shingoni huku mwenzake akichagua vitambaa bila haraka, hata akauliza kama kuna rangi nyingine. Baada ya hapo Mama Solange akaenda mafunzo ya silaha, akafaulu, akapeleka maombi yake. Makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa kamili. Kilichobaki ni sefu na mkaguzi, na bila ukuta wa jirani sefu lisingeshika, na lisiposhika maombi yanakufa hapo hapo. Aliniambia hayo akiwa na pini mdomoni, anapima koti la mtu.

Nyumbani, jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Oom Dawie. Oom ni heshima ya Makaburu kwa mwanamume mtu mzima, kama sisi tunavyosema mjomba. Alikuwa fundi mitambo wa zamani, mjane naye, na mtaa mzima ulimjua kwa sababu ya hotuba zake za barazani. Serikali inataka kutunyang'anya silaha ili tuwe kondoo. Leo wanahesabu bunduki, kesho watahesabu vijiko. Mama Solange alikuwa na furaha. Jirani kama huyu si atatoboa ukuta mwenyewe kwa meno?

Tukaenda na sahani ya mandazi ya Kikongo. Nilikuwa mkalimani, maana Kiingereza cha Mama Solange humkimbia akiwa na wasiwasi. Oom Dawie alikula mandazi, akatoa hotuba yake ndefu kuliko zote, akamsifu Mama Solange kuwa ndiye raia hasa, mtu asiyengoja kuokolewa. Kisha nikamweleza habari ya bamba, na kwamba mkaguzi atapenda kuliona upande wake. Akaweka andazi chini. Akasema hapana. Nilidhani hajaelewa, nikarudia. Akasema ameelewa vizuri, na kwamba ukuta wake hautobolewi.

Njiani, yaani hatua chache tu hadi mlango wa pili, Mama Solange aliniuliza kama ni kwa sababu yeye ni mgeni. Swali hilo liliniuma, kwa sababu hata mimi lilikuwa kichwani mwangu. Lakini kulikuwa na kitu hakikukaa sawa. Mtu asiyekutaka hali mandazi yako manne. Nikaingia chumbani kwa Mama Solange, nikaweka sikio ukutani pale nilipokusudia kutoboa, nikagonga. Ukuta haukujibu. Haikuwa tofali, haikuwa plasta mbovu, wala bomba. Nikasogea huku na huku mpaka nikaupata ukingo wake. Upande wa pili, usawa wa kifua, kulikuwa na kitu kizito cha chuma. Kimya kingi kina mshindo, wahenga walisema, na mimi nikataka kuujua.

Nilirudi peke yangu siku iliyofuata. Nilimwambia Oom Dawie kwamba mimi si polisi, kwamba nimegonga ukuta, na kwamba najua ana sefu pale. Alifungua mlango wa baraza kwa mguu ili nipite.

Alikuwa na bastola ya silinda aliyoachiwa na baba yake. Leseni aliifuata kwa haki. Sheria ilipobadilika na kutaka leseni zifanywe upya, alikwenda, akapanga foleni, akaambiwa mashine imeharibika, rudi. Akarudi, akaambiwa fomu imebadilika. Mara ya tatu hakwenda. Alijiambia kwamba ule ni mtego, wanakuchosha ili muda upite wakunyang'anye. Muda ukapita kweli. Tangu hapo hakulifungua sefu. Akilifungua, alisema, atakuwa mhalifu mwenye silaha. Asipolifungua, ni mzee mwenye sanduku la chuma. Nikamwambia hilo ni jambo la ajabu. Akasema ndiyo, lakini ukilifikiria kila siku linazoeleka.

Wakati huo serikali ilikuwa imetangaza kipindi cha msamaha. Mtu angepeleka silaha isiyo na leseni kituoni bila kushtakiwa, nayo ingekwenda kuyeyushwa. Oom Dawie alijua vizuri kuliko mimi. Alisema hiyo ndiyo sehemu ya mwisho ya mtego. Silaha zinapokelewa mchana na kuuzwa kwa mlango wa nyuma, na siku moja bastola ya baba yake itakuja kumgongea yeye mlango.  Nimesikia watu wengi wakisema hayo, na sijawahi kupata mtu wa kuniambia kwa hakika ni kweli au si kweli.

Nilichokuwa nacho ni swali la kifundi. Nilihitaji kujua bolti zake zimekaa wapi, ili zangu zisigongane nazo, na bolti za sefu huonekana kwa ndani tu. Nikamwomba afungue. Akaleta ufunguo, nami nikageuka nikatazama dirishani, penye gari bovu na paka. Nikasikia kitasa. Halafu sikusikia kitu tena, mpaka nikahesabu rangi zote za yule paka.

“Geuka,” alisema. “Njoo uone.”

Ndani kulinuka unyevu. Bastola ilikuwa ndani ya ala ya ngozi, na hilo, vijana, ndilo kosa ambalo mtawaambia wateja wenu kila siku ya Mungu. Ngozi hunyonya maji. Usihifadhi silaha ndani ya ala. Ukuta huo ulikuwa ukivuja jasho la bafu la Mama Solange mwaka hadi mwaka, na kutu ilikuwa imeishika ile bastola na ala yake ikawa kitu kimoja. Silinda haikuzunguka. Oom Dawie alijaribu kuitoa, vipande vya ngozi vikabaki mkononi mwake. Akakaa kitandani akiwa ameishika. Hotuba zote zile barazani, na kumbe hakuwa na cha kufyatua. Nilimhurumia sana, na sioni haya kusema hivyo.

Nikamwomba ruhusa ya kumwambia Mama Solange. Alikubali kwa kichwa. Yule mama aliposikia kwamba ni mkaguzi anayeogopwa, siyo yeye, alivua tambara la pini begani akaja moja kwa moja. Alisimama mlangoni pa chumba, akaiona ile bastola, akapoteza Kiingereza chote.

“Voisin,” alisema, “miye pia ninaogopa biro. Kwetu, serikali haikukuyaka na fomu. Ilikuyaka na bunduki tu, bila fomu. Hii inayoniambia nifunge bunduki ku ukuta, miye nitaijaribu.”

Nikatafsiri: jirani, naye anaziogopa ofisi, maana kwao serikali ilikuja na bunduki tu, bila fomu. Oom Dawie akauliza, na ikikudanganya?

“Basi itanidanganya mbele yako,” alisema Mama Solange. “Utakuwa témoin.”

Shahidi, nikatafsiri. Oom Dawie alicheka kidogo, kicheko cha puani, akaniuliza bamba litakuwa na ukubwa gani.

Nililifunga wiki hiyo hiyo, chini kidogo ya sefu lake, bahasha zikiwa pande zote mbili za ukuta. Mkaguzi alikuja, mwanamke kijana mwenye buti zilizong'aa. Akalitikisa sefu la Mama Solange kwa mikono miwili, akaridhika, akaomba kuona upande wa pili. Oom Dawie alikuwa amesimama mlangoni kwake akiwa amechana nywele. Nilijua hajamruhusu mtu wa serikali kuvuka kizingiti kile tangu foleni zile. Akampisha. Na kabla mkaguzi hajafungua mdomo, akaonyesha sefu lake mwenyewe akasema, “Hilo pia litazame. Ndani kuna ambayo haina leseni.”

 Mkaguzi akasema kwamba leo amekuja kukagua bamba, na bamba ni zuri. Lakini kesho yuko kaunta kituoni, na msamaha bado upo, na mtu akimletea kitu ndani ya mfuko uliofungwa, kisicho na risasi, atakipokea yeye mwenyewe.

Leseni ya Mama Solange ilitoka baadaye, baada ya barua na simu za kawaida. Msiniulize alinunua nini. Siku ya kuweka kitu ndani nilitazama dirishani.

Lakini kesho yake ile, siku iliyofuata ukaguzi, tulikwenda watatu kwa pikapu yangu, Mama Solange akiwa katikati kwa sababu alisema sasa shahidi ni yeye, na shahidi hakai nyuma. Tulipanga foleni. Oom Dawie hakuzungumza, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa kazi ngumu. Tulipofika mbele, yule mkaguzi alikuwa pale kama alivyoahidi. Oom Dawie akaweka mfuko juu ya kaunta, ila mkono wake ukabaki kwenye mshikio. Mkaguzi naye akashika upande wake.

“Ikishayeyushwa,” Oom Dawie aliuliza, “nani ataniambia?”

Yule mkaguzi alianza sentensi ya kiofisi, ile inayoanza na taratibu zilizopo. Akaikata katikati. Alimtazama mzee.

“Sijui, Oom,” alisema. “Ningependa kukuambia utaarifiwa. Sijui. Sijawahi kuona mtu akiarifiwa.”

Nilidhani ndiyo basi, tutarudi na mfuko wetu. Oom Dawie aliachia mshikio.

Nje, Mama Solange alikuwa amekasirika. Alimshika mkono pale penye ngazi, akamuuliza kwa Kiingereza chake kilichokuwa kimerudi chote, kwa nini amemwachia mtu aliyesema hajui.

“Kwa sababu hiyo,” alisema Oom Dawie. “Wengine wote waliniambia wanajua.”